Kutafuta utulivu wa moyo kwa njia ya Wabudha: pa kuanzia, pa kuuliza na pa kuwa mwangalifu

Mtu akizidiwa na mambo, kwetu anajua pa kukimbilia. Kuna shehe, kuna padri, kuna mchungaji, kuna mzee wa ukoo, na kuna mganga ambaye wengi huenda kwake na hawasemi. Unapeleka shida, unaombewa, unashauriwa au unapewa dawa, unarudi nyumbani. Ukimwendea mtawa wa Kibudha kwa matarajio hayo hayo, unaweza kutoka ukidhani umepuuzwa. Atakusikiliza vizuri, atakuuliza maswali mawili matatu, kisha atakupa kazi: nenda ukafanye hivi, uangalie kinachotokea, halafu urudi uniambie umeona nini.

Ndivyo Buddha mwenyewe anavyosimuliwa kumfanyia Kisa Gotami, mama wa mji wa Savatthi kaskazini mwa India, aliyekuwa akizunguka na maiti ya mwanawe mdogo akiomba dawa ya kumfufua. Hakumpa nasaha. Alimtuma akalete punje za haradali, kitu kilichokuwamo katika kila jiko, ila zitoke katika nyumba ambayo hakujafa mtu. Yule mama akapita mlango kwa mlango. Haradali walikuwa nayo wote, lakini hapa alikufa baba, pale alikufa binti, kwingine waliokufa walikuwa wengi kuliko waliobaki. Mwisho akaenda kumwacha mwanawe makaburini, akarudi kwa Buddha kuomba mafundisho. Hakuna aliyekuwa amemhubiria.

Mwongozo huu unafuata mwenendo huo huo: kazi kwanza, maelezo baadaye. Nimeshika mapokeo ya Theravada, yale ya Sri Lanka, Myanmar na Thailand, kwa sababu ndiyo yaliyo karibu nasi. Dar es Salaam kuna hekalu lililoanzishwa na Wasri Lanka zamani za Waingereza. Karibu na Entebbe kuna Kituo cha Wabudha cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na Ubudha akiwa masomoni India mwaka 1990 na kutawazwa utawa Marekani mwaka 2002. Zen ya Japani na Ubudha wa Tibet zina njia zao, na hazina ubaya. Lakini chagua moja uishike, maana mtu anayejaribu mbinu tatu kwa wiki moja anahangaika tu kwa staili mpya.

Suala la dini tulimalize mapema. Hatua sita za mwanzo hazikudai ubadili imani, wala kuangalia pumzi si ibada ya mtu yeyote. Kinachomwingiza mtu katika Ubudha rasmi ni kutamka kwamba anakimbilia kwa Buddha, kwa Dhamma yaani mafundisho, na kwa Sangha yaani jumuiya ya watawa. Kama imani yako hairuhusu maneno hayo, usiyatamke, na mtawa makini hatakusukuma.

Hatua ya kwanza: tenganisha mishale miwili

Chukua daftari. Usitumie simu, kwa sababu utaandika mistari miwili kisha utajikuta unasoma habari za watu. Andika jambo linalokusumbua, kisha ligawe kama Buddha alivyoligawa alipozungumzia mtu aliyechomwa mshale, halafu akachomwa wa pili. Mshale wa kwanza ni lile lililotokea. Wa pili ni yale moyo unayoyaongeza juu yake.

Tuseme umeachishwa kazi. Mshale wa kwanza: mshahara umekata, kodi ya nyumba ni mwisho wa mwezi. Mshale wa pili: shemeji zangu watanicheka, mimi siku zote ni mtu wa mikosi, yule bosi alinichukia tangu mwanzo, watoto watanidharau. Ukiandika kwa uaminifu utakuta safu ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, na kwamba usingizi unakatishwa na hiyo ya pili zaidi.

Watu wengi hapa hukosea wakadhani wanafundishwa kukaa kimya wakionewa. Mshale wa kwanza unatolewa kwa njia za kawaida. Kama umeachishwa kazi kwa uonevu Tanzania, nenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na uende haraka, kwa sababu malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufikishwa ndani ya siku 30. Mgonjwa aende hospitali. Anayedaiwa akae na anayemdai wapange. Kutafakari kunahusika na ule wa pili.

Hatua ya pili: tengeneza mwenendo kabla ya kukaa

Watu hupenda kuruka hatua hii waende moja kwa moja kwenye mto wa kukalia. Matokeo yake wanafumba macho na kukutana na uongo walioutoa mchana. Katika mapokeo haya, utulivu hujengwa juu ya mwenendo, na Mbudha wa kawaida asiye mtawa hujiwekea mambo matano ya kujizoeza: kujiepusha na kuua viumbe, kuchukua kisichotolewa, uasherati, uongo, na vileo vinavyomtoa mtu kwenye utambuzi. Kila moja hutamkwa kama ahadi ya kujifunza. Ukianguka unaichukua upya, hakuna anayekutoza faini.

Ushauri wangu: usijibebeshe yote matano kwa nguvu sawa mara moja. Shika ulimi kwa mwezi mmoja. Buddha alipoeleza kauli njema alitaja vitu vinne vya kuacha: uongo, fitina, maneno makali, na porojo. Uongo mkubwa wengi wetu tunaujua. Fitina ndiyo inayotupita chini kwa chini. Angalia simu yako: ujumbe wa sauti uliomtumia dada mmoja kuhusu dada mwingine, picha ya maongezi uliyoipiga ukaipeleka kwenye kundi jingine. Kabla ya kutuma, jiulize kama jambo ni la kweli, kama lina faida, na kama wakati wake ndio huu. Wiki ya kwanza utaona umekuwa mpole kupita kiasi na watu watakuuliza kama unaumwa. Wiki ya tatu utaona kuna mazungumzo ambayo kumbe hukuwa na haja ya kuwamo.

Hatua ya tatu: kaa na pumzi

Alfajiri ndiyo saa nzuri, kabla nyumba haijaamka na kabla hujashika simu. Ikishindikana, iwe baada ya watoto kulala. Dakika 10 kila siku zinatosha kuanzia, na zinashinda saa nzima ya Jumapili moja moja.

Tandika mkeka. Kunja kanga mbili au blanketi mpaka pawe na kimo cha ngumi, ukalie ukingo wake, makalio yawe juu kuliko magoti. Kimo hicho ndicho kinachouacha mgongo ukae wima wenyewe bila kuupigania, na wengi wanaolalamika kiuno hawakukipata. Magoti yakikataa, tumia kiti kisicho na magurudumu, nyayo zote mbili sakafuni, mgongo usiegemee. Mikono ipumzike mapajani. Kidevu kirudi ndani kidogo. Macho yafumbe, au yaangalie chini hatua moja mbele yako.

Sasa tafuta mahali ambapo pumzi inahisika waziwazi. Wengine huihisi puani, ubaridi ukiingia na uvuguvugu ukitoka. Wengine, hasa wanaofuata mbinu iliyoenezwa na Mahasi Sayadaw wa Myanmar aliyefariki 1982, huangalia tumbo likipanda na kushuka. Chagua mahali pamoja, usihamehame. Usivute pumzi kwa makusudi. Iache ije kama inavyokuja kwa mtu aliyelala, wewe ujue tu kwamba hii ni ndefu, hii ni fupi.

Akili ikikataa kutulia, hesabu. Pumzi moja, hesabu moja. Waalimu wa zamani walisema mzunguko usipungue tano wala usizidi kumi. Chini ya tano akili inabanwa, juu ya kumi inageuka kushughulika na hesabu. Ukipotea, anza tena na moja.

Na utapotea. Pumzi ya tatu utakuwa umefika kwa Mangi kwenye deni la sukari, ya sita unajibizana na mtu aliyekukera mwaka juzi. Hapo ndipo wanaoanza husema mimi siwezi, akili yangu ina fujo mno. Lakini ile sekunde uliyogundua kwamba umeondoka ndiyo mazoezi yenyewe. Rudi kwenye pumzi bila kujisonya. Ukirudi mara hamsini katika dakika 10, umefanya kazi nzuri kuliko aliyekaa akisinzia kwa amani.

Kelele zipo. Jogoo, bodaboda, adhana, jirani anayesugua sufuria. Usizifukuze na usizifuate. Mguu ukifa ganzi, subiri kidogo uone ganzi ilivyo hasa, inaanzia wapi, inachoma au inatekenya, kisha uunyooshe taratibu. Goti likiuma kwa maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo, badili mkao papo hapo. Huko siko kwenye ushujaa.

Kuhusu kukazana: alikuwapo mtawa aitwaye Sona, mtoto wa tajiri, aliyetembea akitafakari mpaka nyayo zikatoa damu, kisha akafikiria kuacha utawa. Buddha alijua kwamba zamani Sona alikuwa mpiga vinanda vya nyuzi, akamuuliza: nyuzi zikikazwa mno, chombo kinalia vizuri? Hapana. Zikilegea mno? Hapana. Yeyote aliyewahi kumtazama mpiga udi wa taarabu akigeuza vigingi kabla ya onyesho, akisikiliza, akirudisha nyuma kidogo, amekwisha elewa kiasi kinachotakiwa.

Hatua ya nne: wazo lisilokubali kuondoka

Hii ndiyo sehemu ninayoona watu wanaihitaji kuliko zote, nami nitaikalia. Umeamka saa nane za usiku. Jioni ulisoma ujumbe wa ndugu yako kuhusu shamba la urithi, na sasa maneno yake yanajirudia kichwani. Pumzi haishiki. Buddha alitoa njia tano kwa hali kama hiyo, kwa mpangilio: ya kwanza ikishindwa, unaenda ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho.

Ya kwanza ni kubadilisha. Fundi seremala hutoa kigingi kinene kwa kugongea kigingi chembamba mahali pale pale. Wazo la hasira liwekee jingine la namna nyingine: kumbuka kwa undani jambo moja jema ndugu huyo aliwahi kukufanyia. Liwe jambo lenye sura, kama siku aliyokubeba mgongoni kwenda zahanati.

Ikikataa, tazama hasara yake. Jiulize waziwazi: nikiendelea kulitafuna hili hadi alfajiri, nitapata nini? Kesho nitakuwa mtu wa namna gani kazini? Mfano alioutumia Buddha unatisha kidogo, wa kijana aliyejipamba vizuri kisha akavishwa mzoga shingoni. Nia yake ni uone aibu ya jambo lenyewe, si kujichukia wewe.

Ya tatu, lipe kisogo. Kama mtu asiyetaka kuona kitu anavyofumba macho au kutazama pembeni. Amka, kunywa maji, kunja nguo zilizoanuliwa.

Ya nne inanipendeza mimi binafsi, kwa sababu haina ugomvi. Punguza mwendo wa wazo kwa kulifuata nyuma hadi chanzo chake. Mfano ni wa mtu anayekimbia ambaye anajiuliza, mbona nakimbia? Akaanza kutembea. Mbona natembea? Akasimama. Mbona nimesimama? Akaketi, kisha akalala. Na wewe uliza: ninawaza shamba. Kwa nini? Kwa sababu ya neno alilosema. Kwa nini neno hilo? Kwa sababu lilisikika kana kwamba mimi si mtoto wa nyumba ile. Mara nyingi ukifika hapo hasira imekwisha ishiwa pumzi, na kinachobaki ni huzuni, ambayo mtu anaweza kulala nayo.

Ya tano ni ya mabavu: kaza meno, bana ulimi kwenye kaakaa, likandamize wazo kama mtu mwenye nguvu anavyomshika dhaifu. Imewekwa mwisho kwa makusudi. Anayeanza na hii kila usiku ataamka na taya linauma na wazo lipo pale pale.

Hatua ya tano: moyo wa wema

Baada ya wiki kadhaa za pumzi, ongeza dakika chache za kuwatakia watu mema, zoezi linaloitwa metta. Sema polepole moyoni, kwa maneno yako: niwe salama, niwe na afya, moyo wangu utulie. Kisha umtakie hivyo mtu unayemheshimu na aliyekutendea wema, kisha mtu usiye na habari naye, kama kondakta wa daladala ya asubuhi ile, na mwisho kabisa yule mliyekosana.

Mpangilio huo una sababu. Buddhaghosa, mwanazuoni aliyeandika akiwa Sri Lanka katika karne ya 5, alionya kwamba mtu asianze na adui, kwa kuwa hasira itawaka. Wala asianze na anayemtamani kimapenzi, kwa kuwa wema utageuka kitu kingine. Wala asimlenge marehemu, kwa kuwa zoezi hili halishiki kwa aliyekwisha ondoka. Ukifika kwa adui na kifua kikabana, rudi kwa kondakta.

Sisi tuna msemo kwamba dawa ya moto ni moto. Buddha angeukataa moja kwa moja. Alifundisha kwamba chuki haijapata kuzimwa na chuki hapa duniani, huzimwa kwa kutochukia. Zoezi halikulazimishi umrudishe nyumbani aliyekupiga, wala ufute kesi polisi. Unaweza kumtakia mtu mema ukiwa umefunga mlango kwa komeo.

Hatua ya sita: kioo cha Rahula

Je, nikitaka mwongozo juu ya uamuzi, nihame au nibaki, nimkopeshe au nimnyime? Kuna mafundisho Buddha aliyompa mwanawe Rahula akiwa bado mdogo. Alimuuliza: kioo ni cha nini? Akajibu, cha kujitazama. Basi, akasema, jitazame hivyo mara tatu katika kila tendo la mwili, la kauli na la mawazo: kabla, wakati unatenda, na baadaye. Je, litaniumiza, litamuumiza mwingine, litatuumiza sote? Likionekana hivyo kabla, acha. Likionekana hivyo katikati, simama hapo hapo hata kama umekwisha anza. Na likionekana hivyo baada ya kutenda, nenda ukaliungame kwa mwalimu au mwenzako mwenye hekima, ujizuie safari ijayo.

Watu hushika lile la kabla, husahau la katikati. Kwa mambo ya fedha na ya ndoa, la katikati ndilo linalookoa: umekwisha toa nusu ya mahari, umekwisha saini karatasi mbili kati ya nne, na moyo unaona wazi kwamba kuna atakayeumia. Unaruhusiwa kusimama.

Hatua ya saba: nenda kwa mwalimu

Sasa una kitu cha kumpelekea. Piga simu hekaluni kwanza uulize saa ya kufika. Watawa wa Theravada hawali chakula kigumu baada ya saa sita mchana hadi kesho yake alfajiri, kwa hiyo asubuhi kuna shughuli za chakula. Mchana au jioni huwa na nafasi zaidi. Siku ya mwezi mpevu, ambayo Wasri Lanka huiita Poya, hekalu hujaa watu waliovaa nyeupe. Ni siku nzuri ya kuangalia, mbaya ya kutaka mazungumzo marefu.

Vaa nguo za kusitiri mabega na magoti. Viatu na kofia vinaachwa nje. Usikae umeelekeza nyayo kwenye sanamu ya Buddha au kwa mtawa. Akiwa ameketi, nawe ukae, na kiti chako kisiwe juu kuliko chake. Dada zetu wasinyooshe mkono kumsalimia mtawa mwanamume. Viganja viwili pamoja kifuani vinatosha, na ukimpa kitu, kiweke mezani akichukue. Utaona watu wakisujudu mara tatu mbele ya sanamu. Wao huliona kuwa tendo la heshima na kumbukumbu kwa mwalimu. Mgeni halazimiki, asimame tu kwa adabu. Mtawa huitwa Bhante. Si lazima uende na kitu, ila ukipenda, matunda yaliyofika asubuhi ni zawadi inayotumika kweli, na kama kuna sanduku la sadaka, tia humo utakacho bila kutangaza.

Swali lako liwe la jambo uliloliona. Ukiuliza, Bhante, niachane na mume wangu? utajibiwa kwa swali. Ukisema, nikikaa alfajiri, ikifika dakika ya tano nabanwa kifua na sura ya mume wangu inanijia, nifanyeje na ile hali? utapata jibu la kutumia kesho yake. Buddha alisema maswali yako ya namna nne: la kujibiwa moja kwa moja, la kuchambuliwa kwanza, la kurudishiwa muulizaji kwa swali, na la kuwekwa kando. Katika hilo la nne aliweka kama dunia ina mwisho au haina. Mtawa Malunkyaputta alimtishia kwamba bila majibu hayo ataacha utawa, naye akamwambia anafanana na mtu aliyechomwa mshale wa sumu anayemzuia tabibu kuutoa mpaka aambiwe aliyempiga ni wa ukoo gani, mrefu au mfupi, na upinde ulikuwa wa mti gani. Mtu huyo atakufa kabla hajajibiwa. Kwa hiyo mtawa akinyamaza juu ya swali lako, usihesabu kwamba hajui.

Hatua ya nane: mpime mwalimu

Joho la rangi ya zafarani halimfanyi mtu kuwa mwema. Wakalama, watu wa mji wa Kesaputta, walimlalamikia Buddha kwamba kila mwalimu anayepita kwao anajisifu na kuwaponda wengine. Aliwaambia wasishike jambo kwa sababu tu limepokelewa kwa mababu, au limo kitabuni, au msemaji ni mwalimu wao. Wapime: likitendwa, linaongeza tamaa, chuki na upumbavu, au linavipunguza? Na wenye hekima wanalisemaje?

Mahali pengine alitaja muda. Maadili ya mtu hujulikana kwa kuishi naye, uaminifu wake kwa kushughulika naye, uimara wake katika misukosuko, hekima yake katika mazungumzo, na yote hayo kwa kipindi kirefu. Basi usimkabidhi mtu maisha yako kwa sababu ya video yenye sauti tamu.

Ondoka mara moja ukiona haya: anadai fedha ili akutoe nuksi, anakukataza hospitali au dawa za daktari, anataka mambo ya faragha na wewe usiku, anakutenga na ndugu zako, au anakwambia mafundisho fulani ni ya siri ya ninyi wawili. Uzi mweupe ambao watawa wa Sri Lanka humfunga mtu mkononi baada ya kusoma aya za baraka ni desturi ya kawaida na haina bei. Ukitajiwa bei, umeingia duka jingine.

Kabla ya kwenda kwenye mafungo ya siku 10

Baada ya miezi kadhaa, wengine hutaka kwenda mafungo marefu. Yanayojulikana zaidi ni yale ya mapokeo ya S. N. Goenka, mfanyabiashara aliyezaliwa Burma mwaka 1924 na kufariki 2013, ambayo hufanyika siku 10 katika nchi nyingi. Hayana ada, waliowahi kumaliza hulipia watakaofuata. Kengele hulia saa kumi alfajiri, siku tatu za kwanza ni pumzi tu, kisha unaangalia hisia za mwili kuanzia utosini hadi vidoleni. Hamsemeshani mpaka siku ya 10, isipokuwa kumuuliza mwalimu au wasimamizi. Simu inakabidhiwa langoni.

Usiende kama umefiwa wiki iliyopita, kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kama umewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili na hujazungumza na daktari wako, au kama unafikiria kujiua. Kwa hali hizo kimya cha siku 10 kinaweza kuongeza mzigo. Mwone daktari kwanza, na mtu wa karibu ajue. Fomu ya maombi huuliza mambo haya. Ijaze kwa ukweli, na dawa unazotumia ziandike zote. Usiziache ili ukafanye mafungo.

Ukikubaliwa, malizana na mambo ya nyumbani kabla ya kuondoka: kodi, ada, dawa za mzazi, mtu wa kupokea mzigo wako bandarini. Waambie watu wako tarehe ya kurudi, uwaachie namba ya kituo kwa ajili ya dharura. Beba shuka, ndala, nguo pana za kukalia na saa ndogo yenye kengele. Na siku utakayorudi usipange kikao cha ukoo jioni hiyo hiyo. Jipe walau siku moja ya kuzoea kelele.